Lakiri Haikuvunjika

Katika miaka yote ya kazi yake, Inspekta Thomai Karatza hakuwahi kumpeleka mahakamani mtuhumiwa aliyesifia breki za gari la polisi.

"Laini kama siagi, Afande," alisema Anestis Kouloglou kutoka kiti cha nyuma, mikono yake yenye pingu imelala mapajani. "La kwangu ukikanyaga breki hapa Kozani, linasimama Larisa."

"Nyamaza, Anestis."

"Nanyamaza. Lakini sifa ni haki ya mwenye nayo."

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Kengele za kanisa zilikuwa zinalia, na uwanja wa mahakama ulikuwa mtupu isipokuwa njiwa na mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa. Sheria ya Ugiriki haijui Jumapili. Aliyekamatwa jana hana budi kusimama mbele ya mwendesha mashtaka leo, na Anestis alikuwa amekamatwa jana.

Kisa chenyewe kilionekana cheupe kama maziwa. Jumamosi, kijiji kizima cha Petroneri kilikuwa arusini. Anestis, mpiga klarineti kutoka Florina, alikuwa amekodiwa pamoja na bendi yake. Alasiri, ngoma ikiwa imekolea, Bi Evlambia Tourla, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa zafarani, alifungua ghala ili achukue konzi moja ya kumtunza bibi arusi. Akakuta sanduku kubwa halipo. Lilikuwa sanduku la mbao lenye zafarani bora kuliko zote za msimu huo, jasho la nyumba nyingi, nalo lilikuwa linamsubiri mnunuzi. Mlango haukuvunjwa. Bi Evlambia akapiga simu polisi, Thomai akafika, akaamuru gari lolote lisiondoke, akapekua moja baada ya jingine. Sanduku akalikuta ndani ya gari la Anestis, chini ya makoti ya wanamuziki, limefungwa vilevile, lakiri yake nyekundu, ile nta ya muhuri, ingali juu ya kamba.

Wenzake wa bendi walikiri kwamba Anestis alitoweka wakati wa mapumziko, akarudi akihema baada ya nyimbo mbili. Na vidole vyake vilikuwa vya manjano mpaka chini ya kucha. Thomai mwenyewe aliyaandika hayo kwenye taarifa yake, akapiga mstari chini ya neno *vidole*.

Alipomuuliza alikuwa wapi, Anestis alijibu, "Nilikuwa napunga upepo."

Sasa alikuwa anampa jibu lilelile mwendesha mashtaka wa zamu, Despina Vrana, mwanamke mwembamba aliyekuja kazini na viatu vya mazoezi.

"Upepo wa manjano?" aliuliza Despina bila kuinua macho kutoka kwenye jalada.

"Petroneri, mheshimiwa, wakati wa mavuno, hata paka ni wa manjano."

"Paka hakukutwa na sanduku." Akafunga jalada. "Wizi wa mali ya thamani kubwa. Hili si kosa la kumalizwa mbele ya hakimu mmoja kesho asubuhi kama ugomvi wa walevi. Nakupeleka kwa hakimu mchunguzi. Una wakili?"

Wakili alikuwa nyuma yake, bwana mnene aitwaye Zisis Gerou, tai yake imepinda kwa haraka ya kutoka kitandani. "Tunaomba muda wa kuandaa utetezi, mheshimiwa."

"Hakimu atawapa mpaka Jumanne. Msipoteze muda huo kwa kulala."

Anestis akainua mkono, na mwingine ukafuata kwa sababu ya pingu. "Na Jumanne kunakuwa nini?"

"Jumanne unajieleza," alisema Despina. "Hakimu mchunguzi anakusikiliza, halafu anazungumza na mimi. Ama tunakuachia, ama tunakuachia kwa masharti, ama unakwenda rumande kusubiri kesi. Mimi na yeye tukishindwa kukubaliana, mahakimu watatu wataamua kwenye baraza lao."

"Kusubiri kesi ni muda gani?"

"Miezi. Inaweza kufika mwaka na zaidi."

Anestis alimtazama wakili, akautazama mlango, kisha akasema taratibu, "Nina arusi nne mwezi huu."

"Basi sema ulikuwa wapi," alisema Thomai.

Anestis akakaza midomo kama mtu anayetaka kupiga klarineti isiyokuwepo.

Nje kwenye ukumbi, mtu alikuwa anawasubiri. Alikuwa Stergios Dalas, mtunza ghala wa ushirika, ndani ya suti ileile ya jana alipokuwa msimamizi wa bwana arusi. Mikononi alishika sinia la pai ya maboga lililofunikwa kitambaa.

"Kwa wachapakazi wetu," alisema, akimkabidhi Thomai sinia. Kisha akamgeukia mwendesha mashtaka. "Mheshimiwa, nimetumwa na moyo wangu tu. Mnunuzi wetu anakuja Jumatano. Tunaomba sanduku letu, tukalirudishe ghalani. Mali imepatikana, lakiri haijaguswa, kuna haja gani ya kusumbuana? Na huyu bwana, mimi nimeshamsamehe. Binadamu huteleza."

"Aliyeteleza ndiye aulizwe," alisema Anestis. "Mimi nimesimama wima."

"Bwana Dalas," alisema Despina, "hukuombwa kusamehe. Hii ni jinai, si ugomvi wa mashemeji. Na sanduku ni kielelezo. Halitoki mpaka hakimu aseme litoke."

"Hata kwa saini yangu?"

"Hata kwa pai yako."

Stergios alicheka kupita kiasi cha utani wenyewe. Thomai alimtazama akishuka ngazi, akipangusa jasho shingoni, ingawa Kozani mwezi wa Oktoba hakuna anayetoka jasho kwa kushuka ngazi. Kule kifuani, kwenye mnyororo chini ya shati, kitu kizito kilikuwa kikicheza kila alipokanyaga.

*

Sajini Kleanthis, mtunza vielelezo wa kituo cha polisi, alikuwa mtu wa kulalamika, na mwezi huo alikuwa na sababu. Chumba chake kilikuwa na ngozi kumi na kitu za kondoo wa wizi, na kesi yao ilikuwa imeahirishwa mara tatu.

"Afande, ulipoleta hilo sanduku jana nikajiambia, afadhali," alimwambia Thomai wakigawana pai. "Nikasema sasa Kleanthis atanusa harufu ya wafalme. Wapi! Kondoo vilevile."

"Pengine ngozi zimeizidi nguvu."

"Zafarani? Mke wangu akitia nyuzi tatu kwenye wali, jirani wa ghorofa ya nne anabisha hodi na sahani."

Thomai akaacha kutafuna. Akaenda kwenye rafu, akainamisha pua juu ya sanduku. Mbao zilikuwa zimeachana kidogo pembeni, nafasi ya kupitisha ukucha. Akavuta pumzi. Akasikia mbao, vumbi, na kondoo.

Alifunga chumba, akamwambia Kleanthis asimruhusu mtu yeyote kuligusa sanduku lile, awe hata askofu.

*

Jumatatu alikwenda Petroneri peke yake.

Mashamba yalianza kabla ya nyumba za kwanza, zambarau tupu mpaka vilimani, na watu wameinama mistari kwa mistari, vikapu mikononi. Ua la zafarani halimsubiri mtu. Likichanua asubuhi lichumwe, na likichumwa lichambuliwe siku ileile, nyuzi nyekundu upande huu, vumbi la manjano upande ule. Lisipochumwa, hunyauka papo hapo lilipo.

Thomai alisimamisha gari. Alitazama mashamba kwa makini zaidi. Karibu kila shamba, katikati ya maua mapya, kulikuwa na maua ya Jumamosi yaliyolala kama vitambaa vilivyotumika. Siku ya arusi hakuna aliyechuma. Isipokuwa shamba moja dogo karibu na kisima. Hilo lilikuwa safi, bila ua moja lililonyauka.

Mwanamke aliyekuwa anapita na kikapu alisimama kumsalimu. Thomai aliitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vya manjano, na chini ya kucha kulikuwa na zambarau.

"Rangi hiyo, mama, inatoka kwenye nyuzi?"

"Nyuzi kavu hazipaki mkono mkavu, binti yangu. Hii ni ya ua bichi. Ni lile vumbi lake na maji ya petali. Haitoki hata kwa ndimu."

"Na lile shamba la kisimani ni la nani?"

"La Chrysanthi, mjane. Kwa nini?"

"Nalipenda," alisema Thomai, akashuka kwa miguu.

Alikuwa amegonga mlango mara moja tu, na ulipofunguliwa harufu ikamlaki kabla ya mwenye nyumba. Ilikuwa tamu na kali kwa pamoja, kama asali iliyomwagikiwa na iodini, na ilijaa kwenye mapazia, kwenye mkate, hata kwenye nywele za mwanamke aliyesimama mlangoni. Karibu na jiko kulikuwa na sinia moja dogo la nyuzi zinazokauka. Moja tu, dogo la kushikika kwa kiganja.

Chrysanthi Bouzia alikuwa na miaka hamsini hivi, mashavu mekundu, na macho ya mtu anayejua kwa nini ametembelewa.

"Kahawa, Afande?"

"Ya sukari kidogo. Jumamosi uliondoka arusini saa ngapi?"

"Mimi? Niondoke arusi ya mtoto wa dada yangu?"

"Shamba lako halina ua lililonyauka, Bi Chrysanthi. Hayo ya Jumamosi aliyachuma malaika?"

Chrysanthi alikaa. Akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa aproni, kisha machozi yakamtoka, na haikujulikana kama ni ya kicheko.

"Dada yangu Polyxeni alituapisha," alisema. "Mwaka jana, arusi ya binti wa jirani, picha zilitoka wanawake wote wana mikono ya manjano kama tumeshikwa na homa ya ini. Polyxeni akasema, arusi ya mwanangu hakuna wa ukoo wetu atakayegusa ua, atakayegusa si dada yangu. Tukaapa juu ya msalaba. Lakini Afande, shamba langu ni hilo moja. Siku moja ya maua kwangu ni nguo za baridi. Asubuhi na mapema, kabla ya kwenda kanisani, niliyachuma nikiwa na glavu, nikayaficha jikoni. Kuyachambua sasa, huwezi na glavu."

"Nani akakuchambulia?"

"Mpiga klarineti." Aliinamisha kichwa. "Tulijuana kiangazi, arusini Siatista. Nikamnong'oneza, akacheka, akasema bendi inaweza kupiga bila yeye nyimbo mbili. Alikaa pale ulipokaa wewe. Mimi namwonyesha, yeye anachambua. Alikuwa mbaya sana, anavunja nyuzi. Lakini alichambua mpaka kikapu kikaisha."

"Na amekubali kulala mahabusu kuliko kukutaja?"

"Nilimwapisha."

"Ninyi watu wa Petroneri mnaapishana kupita kiasi," alisema Thomai. "Jumanne uje Kozani, kwa hakimu mchunguzi. Nitakupa hati ya wito. Na kiapo cha pale ndicho kikubwa kuliko vyote."

"Polyxeni ataniua."

"Akikuua nitamkamata. Usijali."

Kutoka hapo alikwenda kwa Bi Evlambia Tourla, mwenyekiti, ambaye alimkuta kwenye meza ndefu ya kuchambulia maua, akiwaongoza wanawake kumi kwa sauti ya mwalimu wa kwaya. Mama huyu alikuwa mkubwa wa mwili na mwepesi wa vidole.

"Funguo za ghala ziko ngapi, Bi Evlambia?"

"Mbili. Wangu na wa Stergios."

"Na muhuri wa lakiri?"

"Huo ni mmoja. Stergios anautembeza shingoni, nadhani hata akioga. Mimi sijawahi kuushika. Ndio utaratibu wetu: ufunguo kwa wawili, muhuri kwa mmoja, ili pasiwe na mtu wa kufungua na kufunga peke yake bila kuonekana."

"Lakini Stergios ana vyote viwili."

Vidole vya Bi Evlambia vilisimama juu ya ua. Alifikiri. "Ee," alisema polepole. "Ana vyote viwili."

"Na Jumamosi, ulipokwenda ghalani, kuna aliyejua kwamba utakwenda?"

"Hakuna. Wazo lilinijia nikicheza."

Thomai alishukuru, akarudi mjini, akapanda moja kwa moja hadi ofisi ya hakimu mchunguzi. Walizungumza mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka, karani alikuwa tayari anaandika hati mbili za wito: moja kwa mwenyekiti, nyingine kwa mtunza ghala, waje kutambua kielelezo.

*

Hakimu mchunguzi Lazaros Moumtzis alikuwa mzee mpole aliyekohoa kabla ya kila sentensi, hivyo mawakili walijua ni wakati gani wa kunyamaza. Jumanne, ofisi yake ilijaa. Anestis na wakili wake walikaa upande wa dirisha. Mwendesha mashtaka Despina Vrana alisimama karibu na kabati. Sanduku lilikuwa mezani, lakiri nyekundu juu ya fundo la kamba.

"Kabla ya kumsikiliza mtuhumiwa," alisema hakimu, "tutambue mali. Bwana Dalas, weka mkono juu ya Injili."

Stergios aliapa kwa sauti ya kanisani.

"Hili ndilo sanduku lililoibwa?"

"Ndilo, mheshimiwa."

"Na hii lakiri?"

"Ni yangu." Alitoa muhuri kifuani, akaulinganisha na nta, ukakaa sawasawa kama kifuniko na chungu. "Niliifunga mwenyewe wiki iliyopita."

"Tazama vizuri. Pengine mwizi aliifungua akaifunga tena."

"Haiwezekani! Muhuri hauondoki shingoni mwangu. Wala hakuna mwingine duniani. Ndiyo maana naomba, mheshimiwa, msijisumbue kulifungua. Mnunuzi anakuja kesho, na zafarani ikipigwa hewa inapoteza nguvu. Kilichomo ni kilekile nilichokifunga mimi kwa mikono yangu. Naapa."

"Umeshaapa," alisema Thomai.

Hakimu alikohoa. "Karani, umeandika? Kilichomo ni kilekile alichokifunga yeye kwa mikono yake, na hakuna mwingine aliyefungua."

"Nimeandika."

"Soma."

Karani akasoma. Stergios akaitikia kwa kichwa. Katikati ya kuitikia kule, kichwa kikasimama.

"Fungua, Inspekta," alisema hakimu.

Thomai alikata kamba. Kifuniko kikatoka. Juu, tabaka la nyuzi nyekundu, nzuri, unene wa kidole. Harufu ndogo ikapanda, ikaisha. Akaingiza mkono mpaka kifundoni, akatoa konzi kutoka chini, akaiweka juu ya karatasi nyeupe. Hizo nazo zilikuwa nyekundu. Lakini zilikuwa ndefu mno, laini mno, zimejikunja kama nywele za mtoto.

Hakimu aliziangusha kadhaa katika bilauri ya maji. Zafarani huchukua muda wake kutoa rangi, nayo hutoa dhahabu. Hizi zilitema wekundu papo hapo, na chini ya bilauri zikabaki nyuzi zilizopauka.

Bi Evlambia hakungoja kuruhusiwa. Alichukua unyuzi mmoja, akautia mdomoni, akautema kwenye leso.

"Ndevu za mahindi!" alisema. "Stergios! Tulipinda migongo shambani, wewe ukatufungia ndevu za mahindi?"

"Ni yeye!" Stergios alimwonyesha Anestis. "Amebadilisha ndani ya gari!"

"Lini?" aliuliza Thomai. "Tangu sanduku lilipotoka ghalani mpaka nilipolikuta, hata chungu cha maharage hakingeiva. Ndevu hizi zimetiwa rangi, zimekaushwa. Na alipitaje kwenye lakiri? Wewe mwenyewe umeapa sasa hivi kwamba haikuguswa."

Stergios aliutazama muhuri mkononi mwake kana kwamba ameukuta njiani.

"Mnunuzi angelifungua kesho Jumatano," aliendelea Thomai. "Kwa hiyo lilibidi lipotee kabla. Arusi ilikufaa. Ulilitoa ghalani ukilipeleka wapi?"

"Ziwani," alisema Stergios kwa sauti ndogo. "Nilitaka kulitupa ziwani. Nikamwona Evlambia anakuja na ufunguo. Gari la bendi lilikuwa wazi. Nikalitia humo, nikasema nitalitoa baadaye, halafu wewe ukafika na—"

"Simama hapo!" Hakimu Moumtzis alipiga meza, na safari hii hakukohoa. "Bwana Dalas, umeingia humu kama shahidi. Kuanzia sasa wewe ni mtu anayeshukiwa, na kila utakachosema kinaweza kutumika dhidi yako. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili. Una haki ya kupewa muda."

"Sitaki haki, mheshimiwa, nataka kusema!"

"Nyamaza, bwana, ni kwa faida yako!"

"Zafarani nyingi bado ipo! Ipo kwa mama mkwe wangu, Ptolemaida, kabatini, nyuma ya mablanketi. Nimeuza kidogo tu. Nilitaka kuinunua tena kabla ya Krismasi, nairudisha, hakuna atakayejua."

Wakili Gerou alishika kichwa kwa mikono miwili, ingawa huyu hakuwa mteja wake. Ni uchungu wa fani.

Despina Vrana alikuwa tayari na simu sikioni, akiagiza hati ya upekuzi na askari wa Ptolemaida. "Nyuma ya mablanketi," alisema. "Ndiyo. Mtaijua kwa pua."

*

Chrysanthi alipoitwa ndani, hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa dada yake Polyxeni, mama wa bibi arusi, amemfuata kwa basi kutoka kijijini kwa kuwa alitaka kujua mdogo wake ameitwa mahakamani kwa kosa gani. Karani alijaribu kumzuia mlangoni. Alishindwa.

Chrysanthi aliapa, akasimulia yote kwa hakimu: maua, glavu, jikoni, nyimbo mbili, nyuzi zilizovunjika. Alisimulia akitazama sakafu. Alipomaliza, hakuna aliyethubutu kumtazama Polyxeni.

"Kwa hiyo," alisema Polyxeni, "siku ya arusi ya mwanangu, ulifanya kazi."

"Nisamehe, dada."

"Ulianza saa ngapi kuchuma?"

"Alfajiri."

Polyxeni alifungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena. "Mimi nilianza kabla yako," alisema. "Kule mlimani, ambako hamfiki. Ulidhani nilivaa glavu nyeupe za lesi siku nzima kwa ajili ya mtindo?"

Kicheko kilianzia kwa karani, kikapita kwa wakili, kikamfikia mwendesha mashtaka, ambaye ilimbidi ageukie kabati. Anestis peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anamtazama Chrysanthi, na Chrysanthi alikuwa anavitazama vidole vyake vya manjano.

"Kiapo changu kimeisha?" alimuuliza.

"Kimeisha," alisema Chrysanthi.

"Basi naomba iandikwe, mheshimiwa, kwamba sikuvunja nyuzi nyingi kiasi hicho."

Hakimu na mwendesha mashtaka walinong'onezana dakika chache tu. Waliafikiana: mtuhumiwa aachiwe, bila sharti lolote.

"Usishangilie mapema," Despina alimwambia Anestis. "Kisheria jalada lako bado halijafungwa. Litakwenda kwenye baraza la mahakimu, ndilo litakalotamka rasmi kwamba huna kesi. Lakini unaweza kusubiri nyumbani."

"Au popote palipo na jiko," alisema Anestis.

Thomai alimfungua pingu mwenyewe. Zilikuwa zimeacha alama kwenye vifundo vya mikono.

"Taarifa iliyokuleta hapa niliiandika mimi," alimwambia. "Na ule mstari chini ya neno vidole ulikuwa wangu pia. Nilikosea."

Anestis alijikuna kifundo. "Ulirudi kijijini, Afande. Wengine wangekaa wakala pai." Kisha akamshika mkono Chrysanthi mbele ya Polyxeni, akangoja radi. Polyxeni aliwatazama, akamwambia dada yake, "Huyu angalau ni mvumilivu," akatangulia kutoka.

Stergios alibaki kwenye benchi la ukumbini, pingu zikiwa sasa kwake. Thomai alikaa karibu naye kusubiri mwendesha mashtaka amalize kuandika shtaka jipya. Msimamizi wa arusi alikuwa mpole kama mtoto aliyekwisha kulia.

"Sasa inakuwaje?" aliuliza.

"Vilevile ilivyokuwa kwa mwenzako. Leo mwendesha mashtaka anakushtaki. Hakimu anakupa muda uandae utetezi. Ijumaa unajieleza, na wawili wao wanaamua ulale nyumbani au rumande. Mali ikirudi yote, watalitazama hilo. Halafu baraza, halafu kesi yenyewe, majaji mezani. Tafuta wakili, na ukimpata, mwache yeye ndiye aongee."

Milango ya chini ilifunguliwa. Simu ya Bi Evlambia ilikuwa imelia dakika hiyo, naye alipanda ngazi kwa kishindo, uso umemng'aa. Askari wa Ptolemaida walikuwa wamefungua kabati la mama mkwe, wakakuta mifuko karibu yote, na mnunuzi alikuwa amekubali kusogeza safari yake hadi hakimu atakapoiachia mali. Alisimama mbele ya Stergios, akamtazama kuanzia viatu vya arusi mpaka nywele.

"Nilikubatizia mtoto wako," alisema.

Stergios akainamisha kichwa.

"Wakufunge, wakuachie, hiyo ni kazi yao hawa. Lakini siku moja utatoka, na utarudi Petroneri, maana huna pengine pa kwenda. Nitakuweka kwenye meza yangu, katikati ya Polyxeni na Chrysanthi. Utachambua maua kuanzia asubuhi mpaka taa ziwashwe, na watakusema, na wewe hutajibu neno. Msimu mzima. Hiyo ndiyo hukumu yangu, Stergios, na haina rufaa."

Akageuka, akashuka ngazi, akipiga simu kijijini kabla hata hajafika chini.

Mlango wa mwendesha mashtaka ukafunguliwa, karani akaita jina la Dalas. Stergios aliinuka. Alimwinamia Thomai, sauti yake imeshuka hadi mnong'ono.

"Afande," alisema, "huko rumande, huwezi kuniombea wanikalishe muda mrefu kidogo?"